Yule wa Kitandani

Watu wa ukumbi wetu waliniita Sindano kabla hata sijaanguka, na si kwa sababu ya kazi yangu ya kushona mavazi ya jukwaani tu. Nina mdomo. Nina hasira za karibu. Anayetaka kunijua anijue hivyo hivyo, maana sijawahi kumdanganya mtu kwamba mimi ni mpole.

Mchana huo nilikuwa nimepiga magoti kwenye chumba cha mavazi, pini zimejaa mdomoni, nikipima pindo la gauni la hospitali alilovaa Malkia. Malkia ndiye mwigizaji wetu mkubwa, na jina hilo amelipata kwa kuigiza mabibi wakubwa tangu aanze kazi. Safari hii alikuwa mwanamke aliyeumia kichwa akazinduka hajui yeye ni nani. Mchezo mzima ulihusu hilo: kumbukumbu zikikutoka, anayebaki ni wewe au ni mtu mwingine aliyejivalia mwili wako? Mtunzi wake, na mwongozaji wake, ni Mrefu. Mrefu ni mpenzi wangu, na mpaka saa ile nilikuwa sina ugomvi naye.

"Dada Sindano, hebu nisikilize kidogo," Malkia akasema. "Nimepewa ukurasa mpya leo asubuhi, bado haujanikaa kichwani."

Nikaguna, maana sikuweza kujibu kwa zile pini.

Akafumba macho, akaanza. "'Nilipokuwa mtoto nilikuwa naokota vitambaa vinavyobaki mama akishona. Nilidhani sauti ya mwenye nguo inabaki mle. Nikienda kulala naviweka masikioni nisikie watu wanaongea. Kimoja kilikuwa cha shati la baba. Hicho nilikiweka hata baada ya baba kuondoka, mpaka nikachoka kusubiri kiseme.'"

Nilimchoma. Wala sikukusudia, mkono ulitoka wenyewe.

"Dada, umenichoma."

Nikatema pini zote kiganjani. "Nani kakupa maneno hayo?"

"Mrefu, nani mwingine? Nimekwambia, ukurasa mpya." Akanitazama vizuri. "Una nini? Umebadilika rangi."

Nilikuwa na nini? Habari ile ya vitambaa sijawahi kumwambia binadamu. Mama aliyekuwa akishona hajui. Mrefu hajui. Hata marafiki zangu wa shule, tuliokuwa tunaambiana mpaka mambo ya aibu, hawajui. Ilikuwa yangu peke yangu, na sasa imesimama mbele yangu imevaa gauni nililolishona kwa mikono yangu.

Nilimnyang'anya ile karatasi nikaisoma mpaka mwisho. Mwishoni mwanamke wa kitandani anamshika mkono mwanamume anayemlinda kila siku, anamwambia, "Jina lako silijui, lakini nioe." Mwanamume anajibu, "Nakuoa."

Hapo ndipo nilipoelewa, na damu ikanichemka.

Mwaka uliopita nilianguka kwenye ngazi, humo humo chumbani, nikishusha makoti kutoka juu ya kabati. Kichwa kikapiga sakafu, wakanikimbiza hospitali, wakanipasua. Baada ya hapo, kwa majuma kadhaa, nilikuwa macho. Nilikula, niliongea, nilicheka na wauguzi, lakini sikumjua mtu yeyote, na majuma hayo mimi sinayo kabisa. Ni kama mpangaji aliingia kwenye nyumba yangu akahama bila kuniaga. Yeye ndiye aliyesema habari ya vitambaa. Na Mrefu alikaa pale, akasikiliza, akabeba.

Nikashika njia ya ukumbini.

Pale ukumbini waigizaji walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa jukwaa wakimsikiliza daktari wa ubongo, yule yule aliyenipasua. Mrefu alikuwa amemwalika aje awaeleze wasije wakaigiza ujinga. Daktari alikuwa ameshika ubongo wa plastiki uliogawanyika vipande vipande.

"Watu huniuliza, daktari, mimi niko wapi humu?" alikuwa akisema. "Nami nawaambia, nimefungua vichwa vingi, sijakutana na kachumba kenye mtu ameketi anasema mimi ndiye mwenye nyumba. Sehemu hii inashughulika na kuona, hii na kusema, hii na kukumbuka. Zote zikifanya kazi pamoja, mtu anasema mimi."

"Daktari, samahani," nikamkatiza kutoka mlangoni. "Nina swali."

Mrefu aligeuka. Alikuwa ameegemea kitanda cha hospitali kilichowekwa katikati ya jukwaa. Macho yake yalishuka kwenye karatasi niliyoishika, yakapanda usoni kwangu. Nampenda mwanamume huyu mpaka masikio yake, ambayo ni makubwa kupita kiasi, na siku hiyo nilitamani kuyavuta yote mawili yang'oke.

"Yule aliyekuwa kitandani," nikamwambia daktari, "yule uliyekuwa ukimtibu kabla sijapata akili zangu. Alikuwa mimi, au hakuwa mimi?"

Daktari akaweka ubongo chini taratibu. "Nikujibu kama daktari, ubongo ni ule ule."

"Na kama mtu?"

Akamtazama Mrefu, akanitazama mimi. "Kama mtu, naomba nikanywe chai."

Akatoka, na waigizaji wakamfuata bila kuambiwa. Najua hawakufika mbali. Watu wa ukumbi wetu hawawezi kuacha ugomvi mzuri ukapita bure, walisimama nje ya mlango wote.

"Sindano," Mrefu akaanza.

"Usiniite. Hiki ni nini?"

"Ni ukurasa wa—"

"Najua ni ukurasa, najua kusoma. Nakuuliza, habari yangu inafanya nini kinywani mwa Malkia?"

Akashuka jukwaani. Akitembea huwa anainama kidogo kama anayepita mlango mfupi, hata mahali pasipo na mlango. "Uliniambia wewe mwenyewe. Ulikuwa umelala ubavu, umeshika pindo la shuka, ukaniambia habari ya vitambaa. Nikakuuliza, naweza kuiandika? Ukasema, iandike, mimi nasahau."

"Lini nilisema?"

"Wodini."

"Sikumbuki."

"Najua hukumbuki."

"Basi hukuniomba mimi."

"Nilimwomba nani, Sindano? Ulikuwa wewe. Sauti yako, mdomo wako, utoto wako."

"Mtu amelala na kichwa kimeshonwa, hajui leo ni siku gani, hamjui hata mama yake, wewe unamwomba ruhusa? Halafu mimi nazinduka, tunaongea, tunakula pamoja, unaniletea gauni nilishone, na hunigusii. Umenipimisha pindo la nguo yangu mwenyewe ya ugonjwa. Huna haya?"

Hakujitetea, na hilo lilinizidishia hasira, maana nilikuwa nimejiandaa kumjibu.

"Una haki," akasema mwisho.

"Haki ninayo, sikuja kuomba. Na hili la mwishoni? La ndoa?" Nikaitandaza karatasi mbele ya uso wake. "Umeona habari ya vitambaa haitoshi, ukanitungia na posa. Ili watu wakae pale kwenye viti waone jinsi ninavyokulilia unioe. Utunzi gani huu wa kujipendelea?"

Mrefu akatazama chini. Nilimwona anafikiri, na mimi namjua, akifikiri sana kuna kitu.

"Hilo la posa sikulitunga," akasema.

"Sema tena."

"Uliniomba nikuoe. Mama yako alikuwepo, amekaa upande wa dirisha. Jioni ile ile akaniita nje ya wodi akaniapisha nisikwambie kamwe. Akasema nikikwambia, hutaniona tena, atahakikisha. Na daktari naye alikuwa ameonya tusikutie maneno kichwani, tukuache ukumbuke mwenyewe. Nikaapa."

"Ukaapa kunificha."

"Niliapa kutokwambia. Kuandika sikuapa."

Nilicheka kwa hasira, kicheko kibaya. "Mna wazimu nyie watunzi. Mtu wa kawaida akiwa na neno, anamkalisha mwenzake jikoni anamwambia. Nyinyi jino likiuma mnaandika mchezo. Mkiachana, mchezo. Ulitaka nilisikie siku ya onyesho la kwanza, nimekaa na watu baki, halafu nifanyeje? Nipige makofi?"

"Nilidhani utalisikia wakati wa mazoezi. Nilidhani utakuja uniulize."

"Nimekuja. Umefurahi?"

Nikatoa simu mfukoni, nikampigia mama, nikaweka sauti ya nje ili asikie naye.

"Mwanangu," mama akaitikia. "Umekula?"

"Mama, nilipokuwa wodini, nilimwomba Mrefu anioe?"

Nikasikia anazima redio.

"Nani kakwambia? Yeye?"

"Mama, nakuuliza jambo moja."

"Ulimwomba," akasema. "Nilikuwepo. Ulimshika mkono mtu hata humjui jina."

"Kwa nini umenificha?"

"Mgonjwa husema mengi. Ulimwomba na muuguzi akupeleke sokoni, nalo ningekuambia?" Akavuta pumzi. "Na mimi nimekuzaa, sitakuficha tena. Sikutaka akuoe. Mtu wa maigizo, mwanangu. Leo analia jukwaani, kesho anakulilia wewe chumbani, utajuaje lipi ni la kweli? Baba yako naye alikuwa hodari wa maneno."

Mrefu alisikia kila neno. Uso wake haukubadilika, lakini masikio yalimwiva.

"Ungeniachia niamue mwenyewe, mama. Mimi ni mtu mzima."

"Mtu mzima gani, ulikuwa huwezi kushika kijiko." Kisha sauti ikamlegea mama yangu, jambo ambalo silijui kwake. "Na tena, nikwambie na hili, maana umenianza. Yule mtoto wa kitandani alikuwa mpole. Alikuwa ananishika mkono anaulizia habari zangu. Sijawahi kuulizwa habari zangu na wewe, tangu umezaliwa. Siku uliponifokea kwamba chai imepoa, daktari alifurahi, akasema ndiyo huyu, amerudi. Nikaenda chooni nikalia."

"Ulilia kwa furaha."

"Nililia, mwanangu."

Nilikata simu. Sitasema nilijisikiaje, ila niliketi kwenye kiti cha mstari wa mbele. Kisha hasira ikarudi, na nilishukuru, maana bila hiyo ningeanguka pale chini. Sasa haikuwa ya karatasi tena. Ilikuwa juu ya yule mwanamke. Alikaa kwenye mwili wangu majuma machache tu, akatoa siri yangu, akamposa mwanamume wangu, akanipokonya mama yangu, na akaondoka bila kuacha hata alama ya mguu. Nimewahi kuona wivu, lakini wivu wa mtu na nafsi yake nilikuwa sijauona.

"Na wewe?" nikamwuliza Mrefu.

"Na mimi nini?"

"Wewe nawe ulienda chooni kulia niliporudi?"

"Sindano."

"Nijibu. Yule alikuwa mpole. Alikupenda kwa mdomo wake, akakwambia. Mimi tangu tuanze sijawahi kukwambia, najijua. Mimi nikikupenda nakushonea shati. Ndiyo maana umemwandikia mchezo, na mimi hujawahi kuniandikia hata mstari. Sema ukweli, unamtaka yule. Unakaa na mimi ukitumaini siku moja nitaanguka tena."

"Usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Karatasi hii hapa. Yeye anasema nioe, wewe unasema nakuoa. Kwa hiyo wewe ni mchumba wa mtu, na huyo mtu si mimi."

Mrefu alikuja akachuchumaa mbele ya kiti changu mpaka macho yetu yakawa sawa. Kwa mtu wa urefu wake hiyo ni kazi. Nilitaka kutazama pembeni nikashindwa. Yale macho nilikuwa nayajua yakicheka na yakisinzia, lakini sijawahi kuyaona yakiwa na hasira. Siku hiyo yalikuwa nayo.

"Sasa nisikilize, maana umesema peke yako tangu uingie," akasema. "Lile nililoandika si jibu nililompa."

"Ulimpa lipi?"

"Nilimwambia hapana."

Nikaitazama tena ile karatasi.

"Mama yako alishatoka nje kwa hasira, hakusikia. Nilimwambia, samahani, dada, siwezi, mimi nina mwanamke. Akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia, mwenyewe hayupo kwa sasa. Akauliza yukoje. Nikamwambia ni mkali, mdomo kama pini, na akirudi akakuta nimeposwa na mtu mwingine atanivunja mguu."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Halafu akafikiri kidogo, akasema, mimi simpendi huyo mwanamke wako, mwambie asirudi."

"Mshenzi," nikasema.

"Nikamwambia atarudi tu. Hata umfungie mlango atauvunja. Na nilikuwa namdanganya, Sindano, mimi mwenyewe sikuwa na uhakika. Nilikuwa naenda pale kila siku naongea na mgeni mwenye uso wako, mwema kweli kweli, kila mtu anamsifu, na mimi nakaa nasubiri mtu anifokee. Wewe unaniuliza kama nililia chooni? Siku uliyonitazama ukasema, shati hilo amekushonea nani vibaya hivyo, nilitoka mpaka kwenye korido nikakaa chini sakafuni. Muuguzi alidhani umekufa."

Nikamwonyesha mstari wa mwisho wa karatasi.

"Basi kwa nini umeandika nakuoa?" nikamwuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo, nikaikaza. "Kama ulimkataa, kwa nini jukwaani unamkubali?"

Hapo ndipo alipoondoa macho. Akasugua uso kwa viganja vyote viwili.

"Kwa sababu nimechoka kungoja. Nilimkataa yeye nikijua wewe ukirudi utaniomba mwenyewe. Umerudi. Umepona, umerudi kazini, tumekula sikukuu, umenishonea mashati, na huniombi. Nikianza habari ya sisi, unanikatiza unasema kesho. Mimi siwezi kukwambia uliwahi kuniomba, nimeapa. Siwezi kukuomba, maana mara moja nilipojaribu ulisema mwanamume akikuomba ndoa unasikia unafungwa kamba. Nikaanza kuwaza labda nilikosea. Labda yule ndiye sehemu yako iliyonitaka, nami nikaifukuza, na hii iliyobaki hainitaki. Nikaandika nilivyoandika. Ni kosa. La vitambaa pia ni kosa, wala sina utetezi. Lakini usiniambie namtaka yule. Nilimfukuza kwa ajili yako, halafu wewe ukarudi ukakaa kimya."

Sasa alikuwa anapiga kelele. Mrefu huwa hapigi kelele, hata waigizaji wakisahau maneno yote. Nyuma ya mlango nilisikia mtu anamnyamazisha mwenzake.

Tukakaa tunatazamana kwa hasira, yeye amechuchumaa, mimi nimekaa, na nadhani hatujawahi kuwa karibu kama vile.

"Utautoa ukurasa huu," nikasema.

"Nautoa."

"Bila huo mchezo wako hauna kitu. Ndio moyo wake."

"Najua. Nitawaambia tunaahirisha. Nitatunga mwingine, au sitatunga." Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja akaitia mfukoni, hakubembeleza hata kidogo. Nilikuwa nimemtegea nione kama atabembeleza.

"Na habari ya baba na vitambaa, ukiisema tena kwa mtu yeyote, hutaniona."

"Sitaisema."

"Na mama nitamalizana naye mwenyewe. Usiingilie."

"Siingilii."

"Na bado nimekasirika. Usidhani kwa sababu umenihadithia ya korido nimesahau. Nina hasira na wewe, nina hasira na mama, na yule mwanamke wako wa kitandani ningempata ningemzaba kibao."

"Ungeumia wewe," akasema, na kona ya mdomo wake ikatingishika.

"Usinichekeshe. Sitaki kucheka."

Nikasimama. Nikapanda jukwaani ili nisimwangalie. Nikatembea mpaka upande wa pili, nikarudi. Yule mwanamke alikuwa na kitu kimoja ambacho sina, lazima nikiri. Hakuwa na la kupoteza, ndiyo maana aliweza kusema. Mimi ninajua kila kitu ninachoweza kupoteza. Nimemwona mama amekaa na cherehani na nyumba nzima ya watoto, anasubiri mwanamume hodari wa maneno arudi. Nilijiapiza kwamba mimi sitamwomba mwanamume kitu, na kiapo hicho nimekitunza vizuri kuliko Mrefu alivyokitunza chake. Na sasa kilikuwa kinanikaba.

"Mrefu," nikamwita.

Akainuka, magoti yakamlia.

"Simama hapo hapo, usinisogelee. Ukinisogelea nitashindwa."

Akasimama.

"Mimi sikushiki mkono. Sikulegezei sauti. Jina lako nalijua, na la baba yako, na najua unavyokoroma, na najua utanitia hasira mpaka nife." Nikashika ukingo wa kile kitanda cha hospitali. "Utanioa, hunioi?"

Mtu anayeishi kwa kutunga maneno alifungua mdomo pasitoke neno. Machozi yalikuwa yanamshuka na wala hakuyafuta. Akatikisa kichwa kukubali, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hapana," nikamwambia. "Sema kwa sauti. Safari hii mwenyewe nipo."